PICHA ZA MJI MWEUPE: TUJIFUNZE KUSOMA PICHA ZA KALE

  

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kilinipa kazi ya kuandika somo fupi. Nilitaka kuandika juu ya ngeli, lakini ngeli zimeandikwa humu mpaka nadhani zenyewe zimechoka. Basi siku moja Mwalimu wa Historia akatuonyesha kwenye kompyuta picha za kale za mji wa Chicago, Marekani, za mwaka wa 1893. Akauliza, "Mnaona nini?" Mimi, mwenye haraka, nikanyosha mkono mbio mbio. Nikasema, "Mwalimu, naona mji tajiri sana. Majumba yote ni ya marumaru, barabara ni safi, na hakuna maskini hata mmoja."

Mwalimu akacheka kidogo, akasema, "Umetazama vizuri, lakini hujasoma."

Darasa zima likaniangulia kicheko. Jibu lile lilinikaa kichwani wiki nzima. Kumbe picha nayo husomwa kama shairi! Nia na madhumuni ya somo hili basi ni kuwaonyesha jinsi nilivyojifunza kuzisoma picha zile, kwa maswali matano tu. Nanyi mkiyashika mtaweza kuisoma picha yoyote ile.

MAONYESHO YENYEWE

Kwanza tufahamu habari yenyewe. Maonyesho ya Dunia ni kama shoo ya kilimo tunayoijua hapa kwetu, ila yale hukusanya mataifa mengi. Kila nchi huleta mashine zake, vyakula vyake, sanaa zake na sifa zake. Maonyesho ya Chicago yalifanywa kukumbuka miaka 400 tangu Christopher Columbus afike Amerika mwaka wa 1492. Yalifunguliwa kwa umma tarehe 1 Mei 1893, yakafungwa tarehe 30 Oktoba mwaka huo huo. Katika miezi hiyo sita watu waliingia langoni zaidi ya mara milioni 27. Na kumbuka kwamba wakati ule Marekani nzima ilikuwa na watu milioni 63 hivi!

Kwa nini Chicago? Miji ya New York, Washington na St. Louis pia iliyataka maonyesho hayo, lakini mwaka wa 1890 Bunge la Marekani likaichagua Chicago. Mji huu ulikuwa na jambo la kuthibitisha. Mwezi wa Oktoba 1871 moto mkubwa uliuteketeza, watu wapatao 300 wakafa na wengine 100,000 wakabaki bila makao. Miaka 20 baadaye ulikuwa umejengwa upya na una watu zaidi ya milioni moja. Hata hivyo, watu wa miji mingine waliudharau. Waliuona ni mji wa moshi, matope na vichinjio vya ng'ombe tu. Kwa hivyo wenyeji wake walitaka kuwaziba watu midomo.

Walipewa kiwanja kando ya Ziwa Michigan, mahali paitwapo Jackson Park. Daniel Burnham akasimamia ujenzi, naye Frederick Law Olmsted akapanga bustani na maji. Wakajenga majumba makubwa meupe pepepe, hata watu wakapaita "Mji Mweupe". Jumba moja tu, lile la viwanda, lilikuwa na urefu wa mita 514 hivi na upana wa mita 240. Ukipiga hesabu, viwanja 17 vya kandanda vinaingia humo! Picha za Mji Mweupe ndizo zilizonidanganya mimi. Sasa tuzisome.

SWALI LA KWANZA: NANI ALIPIGA PICHA, NA NANI ALIMLIPA?

Picha nyingi kati ya zile tulizoonyeshwa zilipigwa na Charles Dudley Arnold. Huyu alikuwa mpiga picha rasmi wa maonyesho, yaani aliajiriwa na wenye shughuli wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuonyesha uzuri wa majumba, nayo akaifanya barabara. Picha zake ni safi ajabu. Kila nguzo iko wima, na kila kivuli kiko mahali pake.

Lakini je, watu wengine hawakuwa na kamera? Walikuwa nazo. Tangu mwaka wa 1888 George Eastman alikuwa akiuza kamera ndogo ya Kodak ambayo hata asiye fundi angeweza kuitumia. Basi wakuu wa maonyesho wakaweka sheria. Mgeni aliyetaka kuingia na kamera alilipa dola 2 kwa siku. Kamera yenyewe iwe ndogo, picha isizidi inchi 4 kwa 5, tena asije na ile miguu mitatu ya kuisimamishia. Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa nusu dola, kwa hivyo ruhusa ya kamera ilikuwa bei ya kuingia mara nne! Nani angeimudu kila siku? Hivyo picha kubwa na nzuri zikabaki mikononi mwa mtu wa wenyewe. Aliyeshika kamera ndiye aliyeshika kalamu ya historia.

SWALI LA PILI: KAMERA YA WAKATI ULE ILIWEZA NINI?

Hili ni swali la ufundi, na wanafunzi wa Fizikia watanisahihisha nikikosea. Wakati ule wapiga picha wakubwa walitumia vioo vilivyopakwa dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga. Kioo kiliingizwa ndani ya kamera kubwa ya mbao, tundu likafunguliwa kidogo ili kila kitu kionekane wazi, cha karibu na cha mbali. Tundu likiwa dogo, mwanga huhitaji muda zaidi kuingia. Kitu kilichotulia, kama jumba, hutoka vizuri. Mtu anayetembea hutoka kama ukungu.

Ndiyo maana katika picha nyingi rasmi majumba yanatawala, na watu ni wachache, wadogo kama siafu. Ukizitazama utadhani palikuwa kimya kama makaburini. Wapi! Tarehe 9 Oktoba 1893, siku waliyoitenga kwa ajili ya mji wa Chicago, waliingia watu zaidi ya 700,000 kwa siku moja. Hebu fikiria vumbi, makelele, watoto waliopotea na foleni za kununua chakula. Kamera ile haikupenda msukosuko, na mwenye kamera pia hakuupenda.

SWALI LA TATU: MPIGA PICHA ALISIMAMA WAPI?

Hapa ndipo nilipojionea aibu yangu ya "marumaru".

Picha mashuhuri kabisa ni ile ya Ua wa Heshima. Katikati kuna bwawa refu. Upande mmoja limesimama sanamu la mwanamke, kazi ya Daniel Chester French, lenye kimo cha mita 20 hivi, limepakwa rangi ya dhahabu. Pande zote kuna nguzo na kuba nyeupe kama theluji. Mpiga picha amesimama mbele, mahali ambapo kila kitu kinang'aa.

Lakini Arnold huyo huyo alipiga pia picha za ujenzi tangu mwaka wa 1891, na hizo husema mengine. Humo unaona mifupa ya majumba. Ni mbao na vyuma, vyuma na mbao, magari ya kukokotwa, matope na mafundi juu ya majukwaa. Marumaru haiko! Ule weupe ulikuwa plasta iliyochanganywa na nyuzi za mimea, ikakandikwa juu ya mifupa ile na kupakwa rangi. Majumba hayakujengwa ili yadumu. Yalijengwa yapendeze miezi sita, basi. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nadhani hawakujua kwamba kuna siku msemo wao utafaa mji mzima.

Sasa tumgeuze mpiga picha atazame upande wa pili, kwenye mji wenyewe, kilomita kama 10 kaskazini. Picha za barabara ya State za miaka ile ni za aina nyingine kabisa. Humo mna farasi na mikokoteni, magari ya abiria yanayovutwa kwa kebo chini ya ardhi, mabango ya biashara na watu wamesongamana. Juu yao linasimama jumba la Masonic Temple lililokamilika mwaka wa 1892, ghorofa 21. Chicago ndiko kulikotokea ghorofa za kwanza zenye kiunzi cha chuma. Mfano ni jumba la Home Insurance la William Le Baron Jenney, lililokamilika mwaka wa 1885. Kwa maoni yangu, huo ndio uliokuwa mji wa ajabu wa kweli, maana majumba yake yalishikwa na chuma na si plasta.

Na nyuma ya barabara ile kuna mambo ambayo hutayaona katika kitabu cha kumbukumbu. Taka za mji zilimiminwa mtoni, mto ukazipeleka ziwani, na maji ya kunywa yakatoka ziwani humo humo. Mwaka wa 1891 homa ya taifodi iliua karibu watu 2,000 Chicago. Wakuu wa maonyesho walilijua jambo hilo. Kwa ajili ya wageni wakaleta maji ya chemchemi kwa bomba kutoka jimbo la Wisconsin, yakauzwa senti moja kwa kikombe. Wageni wakanywa maji ya chemchemi, wenyeji wakaendelea na ya ziwa. Hakuna picha ya Mji Mweupe itakayokuambia hayo, sharti uulize kilicho nyuma ya mgongo wa mpiga picha.

SWALI LA NNE: NANI HAYUMO?

Swali hili ni gumu kuliko yote, kwa sababu macho huona kilichopo, hayaoni kilichokosekana.

Wamarekani weusi walikuwa mamilioni, na utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka 28 tu nyuma, mwaka wa 1865. Hata hivyo katika kupanga maonyesho walisukumwa kando. Hawakupewa nafasi ya maana ya kuonyesha kazi zao wala kazi za heshima katika usimamizi. Mwaka huo huo wa 1893 Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyezaliwa utumwani, alitoa kijitabu kueleza kwa nini watu wake hawamo katika maonyesho. Alisaidiwa na Frederick Douglass, Irvine Garland Penn na Ferdinand Barnett.

Na Douglass mwenyewe, mzee mashuhuri aliyetoroka utumwa, aliingiaje? Aliingia kwa mlango wa Haiti! Alikuwa balozi wa Marekani nchini humo, kwa hivyo serikali ya Haiti ikamteua awe mwakilishi wake katika jumba lake pale Chicago. Yaani Mmarekani yule alipata kiti katika sherehe ya nchi yake kwa hisani ya nchi nyingine. Kijitabu cha Wells kiligawanywa kutoka jumba hilo hilo la Haiti. Mimi niliposoma hayo niliifunga kompyuta kwanza, nikakaa kimya.

SWALI LA TANO: MANENO CHINI YA PICHA NI YA NANI?

Kando ya Mji Mweupe palikuwa na njia ndefu ya burudani iliyoitwa Midway Plaisance. Hapo ndipo lilipokuwa lile gurudumu kubwa la bembea la George Ferris. Lilikuwa na kimo cha mita 80 na vyumba 36, kila kimoja kikichukua watu 60. Ukilipa nusu dola unazungushwa mara mbili. Wanafunzi wenzangu walipoiona picha ya gurudumu hilo waliacha kusikiliza kabisa!

Lakini njia hiyo hiyo ilikuwa na "vijiji" ambamo watu wa nchi za mbali waliwekwa watazamwe. Kimojawapo kilikuwa cha watu wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Walipigwa picha nyingi. Mwaka wa 1894 kulitolewa hata kitabu cha sura za watu wa Midway. Maandishi mengi ya siku zile yaliwakejeli watu wa Dahomey, yakawaita washenzi, na wengi wao hayakuwataja kwa majina.

Sasa soma na kilichokuwa kikitendeka kwao. Mwezi wa Novemba 1892 majeshi ya Wafaransa yaliingia Abomey, mji mkuu wa Dahomey. Mwezi wa Januari 1894 Mfalme Béhanzin akajisalimisha. Kwa hivyo wakati watu wale wakitazamwa na kuchekwa kule Chicago, nchi yao ilikuwa ikinyang'anywa. Ukiitazama tena picha yao ukiwa na habari hiyo, huwezi kuziona nyuso zile kama ulivyoziona mwanzo. Aliyebadilika si mtu wa pichani, ni wewe msomaji.

MJI MWEUPE ULIISHIAJE?

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka huo huo wa 1893 uchumi wa Marekani ulianguka, benki nyingi zikafunga milango na maelfu wakakosa kazi. Tarehe 28 Oktoba Meya wa Chicago, Carter Harrison, akapigwa risasi nyumbani kwake, na sherehe za kufunga maonyesho zikafutwa. Majira ya baridi yalipoingia, watu wasio na makao walilala katika ujia wa jumba la baraza la mji. Wengine walijificha ndani ya yale majumba meupe yaliyoachwa. Tarehe 5 Julai 1894 moto ukayala majumba makubwa ya Ua wa Heshima. Zipo picha za magofu yake, nazo zinaonyesha vyuma vilivyopinda kama nyasi. Plasta yote imekwenda.

Jumba la sanaa lilisalimika kwa sababu lilijengwa kwa matofali. Ndani yake, mwaka wa 1894, kulifunguliwa jumba la makumbusho lijulikanalo leo kwa jina la Field Museum, lililohamia jengo lake jingine mwaka wa 1921. Sisi tunaokaa karibu na Tsavo tunalijua jina hilo. Wale simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka wa 1898 wako huko! John Patterson, aliyewaua, aliliuzia jumba hilo ngozi zao mwaka wa 1924, na mpaka sasa wamesimama ndani ya kioo kule Chicago. Babu yangu hupenda kusema simba wetu wamekwenda ng'ambo kabla yetu.

PICHA YA DARASA LETU

Pengine msomaji utauliza, "Wewe mwanafunzi wa shule ya kutwa, Chicago yakuhusu nini?"

Nitajibu kwa hadithi moja fupi. Tulipokuwa Darasa la Nane, katika shule niliyosoma zamani, alikuja mpiga picha kutupiga picha ya kuagana. Kila mtoto atoe shilingi hamsini. Wengi walitoa. Sita kati yetu hatukuwa nazo. Tukaambiwa tukae chini ya mwembe mpaka wenzetu wamalize. Tukakaa. Mimi niliwatazama wakipanga mistari, wafupi mbele, warefu nyuma, wakiambiwa watabasamu. Nilikuwa upande ule ule wa mpiga picha, nyuma ya mgongo wake.

Picha ile ilitundikwa ofisini. Ni nzuri, kila mtu amechomekea shati. Ukihesabu utapata watoto 38. Lakini sisi tulikuwa 44. Rafiki yangu tuliyeketi naye chini ya mwembe, ambaye alinishinda Hesabu kila muhula, hakuendelea na Kidato cha Kwanza. Alienda kwa mjomba wake mbali, na sina picha yake hata moja. Mtu akija baada ya miaka mia akaiona picha ile, atanyosha mkono kama mimi na kusema, "Walikuwa 38, wote wana sare nzuri, hakuna maskini hata mmoja."

Simlaumu mtu. Mpiga picha naye alitafuta riziki yake. Lakini ndiyo sababu jibu la Mwalimu lilinichoma. Mimi niliyekaa chini ya mwembe ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kuuliza ni nani hayumo.

HITIMISHO

Naomba nitoe pendekezo kwa chama chetu na kwa walimu wetu wapendwa. Picha ya chama ya mwaka huu ipigwe bila mtu kutoa hata ndururu. Siku hizi simu ya mwalimu mmoja inatosha. Aitwe na mama anayetupikia githeri, aitwe na mzee wa lango. Wasiokuwepo siku hiyo waandikwe majina yao chini ya picha, kwa neno moja tu: "Walikuwapo." Na kila aliyepigwa aandikwe jina lake, pasiwe na mtu wa kuitwa "mwanafunzi" tu kama mtu wa Midway.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Kama nimekosea lugha, walimu wanirekebishe. Kutoa makosa si kukosa adabu.

ZOEZI

1. Tafuta picha ya zamani nyumbani kwenu. Waulize wazee: nani aliipiga, na kwa nini siku hiyo?
2. Taja mtu mmoja ambaye angepaswa kuwamo na hayumo. Andika aya moja juu yake.
3. Geuza picha hiyo nyuma. Kama hakuna majina, yaandike kwa penseli leo, kabla wanaoyajua hawajatutoka.
4. Eleza maana ya methali "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti", kisha utoe mfano wako mwenyewe usio wa Chicago.